Wanaotaka kuvuka nchi kwa baiskeli waanzie Tunduma, si Horohoro

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na vijana wa Unguja na Pemba wanaojiandaa kuivuka Tanzania Bara kwa baiskeli, mpaka hadi mpaka. Hamu hiyo imezidi siku hizi na sisi tunaifurahia. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba karibu kila mpango tunaoonyeshwa unaanzia Horohoro, mpakani na Kenya, kwa kuwa Tanga ni jirani yetu, na kumalizikia Tunduma, mpakani na Zambia. Ushauri wetu ni kuugeuza. Anzeni Tunduma, mmalizie Horohoro.

Sababu ya kwanza ni upepo. Wakati unaofaa ni kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba: masika ya pwani yameshapita na Nyanda za Juu Kusini ni kavu. Kule mvua zao ni za msimu mmoja, Novemba au Disemba hadi Aprili, kwa hiyo anayengoja kaskazi imsukume kwenda kusini atakuta njia yote ya Mbeya imelowa. Mnasafiri na kusi, basi, mtake msitake. Kusi inatoka kusini-mashariki. Anayeanzia Horohoro inamkuta usoni kati ya Segera na Chalinze, na kuanzia Mikumi kupanda Iringa hadi Makambako inampiga ubavu wa kushoto. Huku kwetu tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo upepo huo unamtupa kwenye malori. Anayeanzia Tunduma upepo uleule unampiga ubavu wa kulia na kumsogeza pembeni, na akifika Chalinze unamkaa mgongoni hadi Segera.

Hatusemi kuwa ukianzia Tunduma upepo hautakusumbua kabisa. Vipande vinavyoelekea mashariki, kama Mbeya hadi Makambako na Morogoro hadi Chalinze, upepo utakujia kwa mbele upande wa kulia. Na lori likikupita linakata upepo kwa ghafla: wewe ulikuwa umeegemea kulia kupambana nao, sasa unajikuta unavutika kuelekea lori, na likishapita upepo unakurudia kwa kishindo. Kwa hiyo ukilisikia linakuja, punguza mwendo, legeza viwiko, na usiwe umebana kabisa kwenye ukingo wa lami, uwe na pa kuyumbia. Kioo kidogo upande wa kulia wa usukani ni lazima. Hii ndiyo barabara ya mizigo ya Zambia na Kongo, na malori hayapungui.

Sababu ya pili ni kimo. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na safari inaishia pwani. Milima ipo: mtapanda kutoka Mbalizi kuingia Mbeya, na Uyole ndipo reli ya TAZARA inapofikia kimo chake cha juu kabisa, mita 1,789. Baada ya hapo mnateremka hadi Chimala, kisha kutoka Igawa mnapanda upya kwenda Makambako na Mafinga. Lakini Kitonga, ile milima yenye kona kali baada ya Iringa, mtaishuka badala ya kuipanda, na hilo peke yake linatosha kugeuza mpango.

Sasa baiskeli. Njia nzima ni kama kilomita 1,100, na kitakachomkwamisha kijana mwenye miguu mizuri ni gurudumu la nyuma. Uzito wa mtu na wa keria karibu wote umelala pale. Spoki za upande wa cheni ndizo hukatika, kwa kuwa kwenye gurudumu lenye gia spoki za pande mbili hazikazwi sawa: upande wa friwili, yale meno ya nyuma, umevutwa zaidi, na spoki yoyote iliyolegea hujikunja kila mzunguko mpaka inachoka pale kwenye kona yake, kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Chukua gurudumu lenye spoki 36. Zibinye mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote; halafu zigonge moja moja kwa bisibisi. Za upande mmoja zinatakiwa zitoe sauti inayokaribiana. Ile inayotoa sauti nzito imelegea, na hiyo ndiyo itakayokatika baada ya Mlowo. Mpelekee fundi azikaze zilingane, kisha endesha kilomita 100 ukiwa na mzigo na umrudishie azipitie tena, kwa sababu gurudumu jipya hulegea kidogo mwanzoni.

Chukua spoki za akiba sita za urefu sahihi, uzifunge kwa tepu kwenye fremu. Wengi huchukua spoki na kusahau kifungulio cha friwili. Bila kifungulio spoki ya upande wa cheni haiingii, na vifungulio havifanani: jaribu chako nyumbani, kwenye friwili yako mwenyewe, kabla hujaondoka.

Matairi yawe ya inchi 26, upana wa 1.95 au 2.0. Saizi hiyo hupatikana kwenye maduka ya vipuri ya miji ya njiani, sawa na ile ya 28 ya baiskeli za kawaida. Matairi membamba ya mashindano huyapati. Nyuma jaza psi 50, mbele 45. Tyubu mbili za akiba, viraka na gundi, na valvu ziwe nene kama za pikipiki, ili hata kwa fundi wa bodaboda upate upepo. Gia ndogo ya mbele meno 22 na kubwa ya nyuma meno 34 zinatosha kwa kilima chochote cha njia hii. Cheni ipimwe kwa rula: pini hadi pini, viungo 24, ni milimita 305 ikiwa mpya. Ikifika 307 ibadilishe kabla ya safari, vinginevyo itakula meno ya friwili nawe uko porini.

Keria iwe ya chuma. Ikikatika, fundi wa kuchomelea yeyote wa Ilula au Makambako ataiunga. Ya alumini hatakuwa na uwezo nayo. Mzigo wote usizidi kilo 20, na vizito vikae chini, karibu na ekseli. Skrubu za keria hulegezwa na zile rasta za barabarani, vile vituta vidogo vya mfululizo, basi zikazwe kila jioni.

Baiskeli zetu za visiwani zina adui ambaye za Bara hazimjui: chumvi. Waya wa breki unaoza ndani ya ganda lake, nje unaonekana mzima. Vunja woga, badilisha waya zote nne, za breki na za gia, kabla ya kuvuka bahari. Chomoa nguzo ya kiti, ipake grisi, irudishe. Aliyezoea kuendesha ufukweni apapase ubavu wa rimu: ukiwa umeingia ndani, mchanga umeshaula, na rimu hiyo isipelekwe Kitonga.

Pale Kitonga mteremko ni mrefu na una kona kali, huku malori yakishuka pamoja nawe. Ukishikilia breki mfululizo rimu inapata moto na tyubu inapasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena, ukibadilishana mbele na nyuma. Simama mara mbili tatu, lowesha kidole uguse rimu; ikichacharika, kaa dakika kumi. Shuka asubuhi na mapema, na lori likiwa nyuma yako jitoe barabarani lipite, maana hujui breki zake. Breki za fimbo hazifai hapa hata kidogo. Mpira wa breki jozi mbili za akiba.

Mazoezi ya Unguja, iwe Nungwi au Makunduchi, yanajenga pumzi, lakini ni tambarare. Waje Pemba. Mkoani hadi Konde na kurudi, siku mbili mfululizo na mzigo wote juu ya keria: vile vilima vifupi vikali vitaonyesha kila kasoro.

Kufika Tunduma ni boti hadi Dar es Salaam, kisha basi. Kwenye buti la basi ndiko baiskeli nyingi huharibika. Toa gurudumu la mbele na ubane kipande cha mbao cha milimita 100 kati ya miguu ya foko isibonyee. Pedali ya kushoto inafunguliwa kwa kuzungusha kulia. Fungua kibadilisha gia cha nyuma ukifunge kwa ndani ya fremu; kikipinda, siku ya kwanza ukiweka gia nyepesi kitaingia kwenye spoki. Upande wa cheni ulazwe juu.

Hesabu siku 18 hadi 20, pamoja na za kupumzika. Kuondoka iwe saa 12 na nusu asubuhi, na saa 9 alasiri uwe umeshapata gesti. Usiku hakuna kuendesha. Daftari la gesti linataka kitambulisho, basi kiwe karibu. Makambako na Mafinga mwezi wa Julai asubuhi ni chini ya nyuzi 10, chukueni sweta na glavu. Bonde la Ruaha Mbuyuni ni joto, huko mtu abebe maji lita 5. Anayetoka jasho mno achanganye mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Kuhusu Mikumi hatuna mjadala. Barabara inakata ndani ya hifadhi kama kilomita 50, na humo mna simba, tembo na nyati. Pakieni baiskeli kwenye gari mji wa Mikumi, mshukie Doma. Wapo watakaosema mstari wa mpaka hadi mpaka umekatika. Waacheni waseme.

Mwisho tunawaomba wafadhili, kwani tunaona fedha zinakwenda kwenye fulana na mabango huku kijana anaondoka na gurudumu bovu. Gurudumu la nyuma lililosukwa vizuri, waya mpya na kifungulio vilipwe kwanza, fulana baadaye. Na vijana wa Pemba wakishafika Horohoro na kurudi Tanga, waulize kama meli ya kuja kwetu ipo wiki hiyo kabla hawajakata tiketi ya basi la Dar.

Wapanda baiskeli wa masafa,
Chake Chake, Pemba