Onyo kwenye chupa ya pombe litaje saratani ya utumbo mpana

Mhariri,

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wengi huiita Sheria ya Mututho, inataka chupa za pombe ziwe na maonyo, likiwemo lile la kwamba unywaji wa kupindukia husababisha ugonjwa wa ini. Ni kweli, lakini limewaacha wengi wakiamini kwamba mtu asiyelewa wala kuumwa ini hana la kuogopa. Kwa upande wa saratani ya utumbo mpana, imani hiyo ni ya hatari.

Pombe ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asetaldehidi, sumu ambayo ini huishughulikia upesi. Utumbo mpana hauna uwezo kama huo. Pombe huufikia kupitia damu, bakteria waishio humo nao huigeuza kuwa asetaldehidi, na kwa kuwa seli za ukuta wake zina vimeng'enya vichache vya kuiondoa, sumu hiyo huzishambulia seli ambazo bado ni nzima kabisa. Hunata kwenye vinasaba na kuviharibu, na pia huvunja foleti, vitamini ambayo seli huihitaji ili kunakili vinasaba bila makosa. Ukuta huo hujifanya upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo kosa likiingia katika seli shina zinazouzalisha, hurithiwa na seli zote zitokanazo nazo. Kutoka hapo hadi kinyama kidogo, na kutoka kinyama hadi saratani, mara nyingi hupita miaka 10 au zaidi bila maumivu yoyote. Na damu inapoonekana chooni, wengi hudhani ni bawasiri.

Ushahidi wa hatari hii ni thabiti hasa kuanzia gramu 30 za pombe kwa siku. Chupa ya nusu lita ya bia yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo tunazungumzia chupa moja na nusu, kiasi ambacho sijui baa itakayokiita kupindukia. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Mwaka huohuo Ayalandi ilipitisha kanuni za kutaja saratani kwenye vibandiko vya vileo, ijapokuwa utekelezaji wake umeahirishwa. Naiomba Wizara yetu ya Afya iongeze onyo kama hilo katika orodha ya sheria yetu, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka.

Msomaji wenu,
Nakuru