Volyumu ya redio haifai kwenye gitaa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme na mafundi redio, wauza spea, na viongozi wa bendi na kwaya wenye magitaa ya umeme. Lalamiko ni lile lile: gitaa lilikuwa zuri, volyumu ikaanza kukwaruza, ikabadilishwa, na tangu siku hiyo sauti imefifia. Kosa haliko kwenye nyuzi wala kwenye spika. Liko kwenye namba iliyoandikwa mgongoni mwa volyumu mpya.

Kidude hicho, potenshiometa kwa jina la vitabuni, hupimwa kwa omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, na K maana yake ni maelfu. Redio na amplifaya ndogo hutumia sana za 10K na 50K, kwa hiyo ndizo zilizojaa kwenye droo za mafundi. Kwa macho zinafanana na za gitaa: shafti inaingia, nati inakaza, gitaa linalia. Ila halilii kama zamani.

Pikapu, kile kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, kama haitumii betri ni sumaku na koili ya waya mwembamba tu, haina nguvu ya kubeba mzigo. Volyumu imeungwa kati ya waya wa sauti na athi, kwa hiyo hata ukiifungua mpaka mwisho bado inavujisha sauti kidogo kwenda athi. Omu zikiwa nyingi uvujaji ni mdogo. Zikiwa chache, kazi imeharibika. Chukua hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, yenye ukinzani wa 8K hivi, iunge na volyumu ya 10K: karibu nusu ya umeme wake unaishia hapo kabla ya kufika kwenye jeki, tundu la kuchomekea waya wa amplifaya. Noti nyembamba huumia zaidi, kwa kuwa koili huzidi kuzuia umeme kadiri masafa yanavyopanda. Ndiyo maana solo inasikika kama imefunikwa blanketi.

Thamani zenyewe si siri. Pikapu za koili moja, kama za magitaa ya Stratocaster na Telecaster, hutumia 250K. Hambaka, kama za magitaa mengi ya Les Paul, hutumia 500K, kwa kuwa sauti yake ni nene tangu mwanzo na inahitaji kuachiwa ule ukali mdogo ilio nao. Jazzmaster ya Fender iliyotoka mwaka 1958 ina 1M, yaani 1000K. Besi za Precision na Jazz ni 250K. Pikapu za betri ya volti 9, mfano za kampuni ya EMG, ni habari nyingine: zina amplifaya ndogo ndani na hutumia 25K. Ukizipa 250K, volyumu inakuwa kama swichi, ama ipo ama haipo. Kitasa cha toni nacho kihesabiwe, maana kikifunguliwa chote, noti za juu huona volyumu na toni kwa pamoja: mbili za 500K ni mzigo wa 250K, na mbili za 250K ni mzigo wa 125K. Kuweka 500K kwenye koili moja hakuui gitaa, kunalifanya liwe kali. Wapo wanaopenda hivyo. Kuweka 10K ni kuliua.

Baada ya namba, angalieni herufi. Kwenye bidhaa nyingi za Asia na Marekani siku hizi, A ni logi, ambayo omu zake hupanda polepole mwanzoni kisha kwa kasi, na B ni linia, ambayo hupanda sawasawa. Nyingi za zamani za Ulaya A ilikuwa linia, kwa hiyo mita ya kupimia omu ndiyo ya kuaminiwa. Weka volyumu katikati ya mzunguko wake, kisha pima kati ya mguu wa katikati na mguu wa pembeni utakaokwenda athi. Linia itasoma kama nusu ya thamani yote. Logi itasoma kidogo sana, pengine sehemu ya kumi tu. Sikio halisikii kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo volyumu ya linia haipunguzi sauti sana kuanzia namba 10 ya kitasa mpaka 3, kisha sauti inaporomoka ghafla. Kwa volyumu chukua A. Kwa toni pia A ni salama, ingawa hapo ladha za watu hutofautiana. Gitaa la mkono wa kushoto hugeuzwa miguu ya pembeni, na A ikigeuzwa inaharibu mpangilio, kwa hiyo linataka C, yaani logi ya kinyume.

Mkiwa na mita dukani, pimeni miguu miwili ya pembeni kabla ya kulipa. Kiwango cha kawaida cha kiwandani huruhusu tofauti ya asilimia 20 juu au chini, kwa hiyo iliyoandikwa 500K inaweza kusoma 400K au 600K na bado muuzaji hajawaibia. Anayetaka gitaa lichangamke achague inayosoma juu.

Umbo nalo linawasumbua wengi bila sababu. Volyumu kubwa, kama za kampuni ya CTS, zina kopo la milimita 24 hivi na hutaka tundu la milimita 9.5. Magitaa ya bei nafuu huja na ndogo za milimita 16, na tundu lake ni dogo pia. Msipanue tundu la mbao yenye vanishi kwa drili ya mkono bila kubandika tepu, rangi itabanduka. Shafti yenye meno ya inchi ina meno 24, ya milimita ina 18. Kitasa cha moja hakikai vizuri kwenye nyingine, na ukilazimisha plastiki inapasuka. Kitasa kikilegea kwenye shafti iliyopasuliwa, panua ufa taratibu kwa bisibisi bapa. Les Paul yenye mbao nene hutaka shingo ndefu ya nati, milimita 19 hivi. Inayokaa kwenye plastiki inatosha nusu yake.

Lakini kabla ya kununua chochote, kazeni nati. Ikilegea, volyumu nzima huzunguka na kitasa, waya wa athi unakatika, na gitaa linaanza kuvuma. Ikiwa inakwaruza tu, pulizieni dawa ya kusafishia viunganishi kwenye uwazi ulio juu ya miguu, kisha zungusheni mara 20 au 30. Vumbi la bara na chumvi ya pwani mara nyingi huisha hapo. Mafuta ya kupikia au ya cherehani hayafai, yanashika vumbi jipya. Kama bado kuna mahali sauti inapotea, njia ya kaboni imelika. Hapo ndipo mbadilishe.

Pigeni picha ya waya kabla ya kufungua. Mgongo wa volyumu usuguliwe kwa msasa ili lehemu ishike, na pasi ya kulehemia iwe ya wati 40 hadi 60 yenye ncha pana, ikae sekunde tatu au nne tu. Ya wati 25 inaonekana ya upole, kumbe inakawia mpaka joto linayeyusha grisi ya ndani na kuharibu njia ya kaboni. Asidi ya mafundi bati isikaribie kabisa, inakula waya taratibu hata miezi baadaye. Tumieni lehemu yenye utomvu ndani yake.

Kwa wauza spea, ombi ni dogo: pakiti iandikwe thamani na herufi, A500K au B10K, badala ya "volyumu" peke yake. Na mhasibu wa kwaya akitumwa dukani, aandikiwe hivyo hivyo kwenye karatasi.

Fundi magitaa,
Dar es Salaam