Barua kutoka Kolo

Kolo, Kondoa
Jumanne jioni

Somo yangu,

Hujambo, na watoto hawajambo? Mimi mzima, miguu tu ndiyo inayolalamika. Kuna habari ya viatu vyako nitakueleza, lakini huko mbele, maana nikianza na viatu hutaimaliza barua hii.

Harusi ilikwisha Jumapili. Pilau ikaliwa, bi harusi akalia mpaka wanja ukamfika mashavuni, wakwe wakamchukua wakaenda zao Babati. Wenzetu wakapanda basi jana alfajiri. Mimi nikabaki nikaone michoro ya kwenye majabali, ndipo ukanicheka kwenye simu: "Mawe? Kwani kwenye mapango ya Amboni, hapa Tanga, hayapo?" Basi leo nakujibu kwa kalamu, huku huwezi kunikata kauli.

Kolo ni kijiji cha njiani. Ukishapita Bereko barabara inateremka kwa mizunguko, kisha unaona nyumba, mbaazi zimeanikwa kandokando ya lami, na ofisi ya Mambo ya Kale. Unajiandikisha, unalipa, unapewa wa kukuongoza. Nilifungua daftari la wageni: aliyenitangulia alipita siku tisa zilizopita! Na mahali penyewe pako kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, kama Serengeti, kama Ngorongoro.

Kilima chenyewe kinaitwa Mungomi wa Kolo, kiko kilomita kama tisa kutoka barabarani. Tulikwenda kwa bodaboda, tukavuka mto usio na maji, mchanga mtupu, ikabidi nishuke nisukume. Huko ndani ndiko kijijini kweli. Ardhi nyekundu, imechanika makorongo ambayo nyumba yako ingezama na paa lake. Mzee aliyeniongoza alisema zamani ilikuwa mbaya kuliko hivi, mpaka Serikali mwaka 1979 ikatoa mifugo yote kwenye sehemu zilizoharibika, chini ya mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. "Ng'ombe waliondoka, miti ikarudi," akasema, na kwa jinsi alivyosema sikujua anafurahia miti au anawalilia ng'ombe.

Kupanda sikuelezi. Nilipanda kwa mikono na miguu.

Juu kuna jabali limeinama kama kibaraza. Harufu ya mkojo wa pimbi, nyigu wamejenga kwenye nyufa. Nikatazama, sikuona kitu. Madoa tu ya kutu. Nikajisemea, kumbe somo alisema kweli. Mzee akaniambia nikae chini, ninyamaze, niache macho yazoee kivuli. Nikakaa. Mara shingo ya twiga. Halafu mgongo wa pofu. Halafu watu, Mungu wangu, watu! Wembamba, warefu, miili imenyooshwa kama mwanzi, vichwa vimejaa nywele au vilemba, na kila unywele mstari wake, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nimejaribu kuchora mstari wa namna hiyo kwa kalamu hapa mezani nikashindwa, na mimi nina taa na karatasi laini.

Pana picha moja imeninasa. Watu watano: wa katikati anaonekana mwanamke, na kila upande wawili, kama wanamvuta. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis, wale watafiti wa mambo ya kale, walipiga kambi huku wakinakili michoro, na mama huyo aliona hapo ni mwanamke anatekwa. Wengine wanasema hapana, ni ngoma ya kupandisha, mtu amezidiwa na wenzake wanamshika asianguke, kama Wasandawe wanavyocheza mpaka leo. Wataalamu wengi wanaamini michoro myekundu ni kazi ya wawindaji wa zamani, wa asili moja na Wasandawe na Wahadzabe, makabila yenye jadi ya kuwinda. Myeupe, iliyopakwa nene nene kwa vidole, ni ya wakulima waliofuata. Mimi niliyetoka harusini juzi niliona bi harusi tu. Shangazi upande huu, wakwe upande ule. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie badala ya kupiga simu. Chini ya jabali la pili niliona mifupa ya mbuzi, kigae cha kibuyu, na kwenye mwamba michirizi iliyokauka imepita juu ya michoro. Nikafoka, nani huyu kafanya uchafu? Mzee akasema taratibu, "Hiyo ni pombe ya tambiko, mama. Mvua ikichelewa, wazee wanakuja hapa." Yeye mwenyewe ni mtu wa kuhifadhi, anajua pombe inakula rangi, amewaeleza wenzake mara nyingi. Lakini babu yake naye aliletwa hapa akiwa mtoto, akaonyeshwa pa kumimina. Nilikosa la kusema. Nilikumbuka Amboni, vile vijisarafu na chupa za marashi tunavyovipita tukijifanya hatuvioni.

Ukiniuliza, wazee na kibuyu chao siwalaumu. Ninaowalaumu ni wachimbaji. Mwaka 1916 Wajerumani walipigana hapa Kondoa na majeshi ya Waingereza yaliyotoka Afrika Kusini, basi watu wakaamini Mjerumani alifukia mali majabalini kabla ya kukimbia. Wanakuja usiku na sururu. Nimeyaona mashimo yao, moja limefika usawa wa kifua changu, hapo hapo chini ya watu waliokaa ukutani zaidi ya miaka elfu. Na kuna bwana mmoja kaandika jina lake kwa mkaa ubavuni mwa tembo. Jina sikutajii, asije akafurahi.

Usiku huu nimekula ugali wa uwele na mlenda. Ungeukataa. Mimi nimeongeza.

Haya, viatu. Cha kushoto kimeachia soli nusu njia ya kuteremka. Kijana wa bodaboda alikifunga kwa utepe wa mpira wa tairi, nikafika nao mpaka kwenye daftari la wageni kuaga. Fundi mmoja wa Kondoa mjini ameahidi kukishona kesho asubuhi. Akishindwa, nakuletea lita moja ya asali ya Usandawe, na hapo tutahesabiana vizuri nani anamdai mwenzake. Nafika Alhamisi usiku. Njoo stendi, na uje na ndala.

Ni mimi,
Somo yako