Mwanangu, Usiikabidhi Kadi Yako

Kalenga, Iringa

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Huku nyumbani hatujambo, na mahindi ya bondeni yanaendelea vizuri. Nakuandikia kwa sababu ya neno aliloniambia shangazi yako Jumapili baada ya ibada, kwamba unataka kukopa kwa mtu binafsi ili ununue ngoma na mavazi ya wanafunzi wako kabla ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, na kwamba mtu huyo anataka umwachie kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Mwanangu, usimpe kadi.

Moyo wa kuwafundisha watoto ngoma najua umeutoa wapi, na ile picha uliyonituma, wamepanga mstari mbele ya darasa, nimemwonyesha kila aliyeingia humu ndani. Lakini naona kazi ya baba yako umeishika upande mmoja tu. Watu wanapomsifu husema alikuwa mwalimu aliyeinua sanaa ya hapa kwetu, nawe ukadhani aliiinua kwa fedha. Fedha hakuwa nazo. Aliingia ualimu kwa mpango wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, wakati nchi ilipotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977 na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini. Mchana alikuwa na darasa lililojaa hadi mlangoni, jioni akafundisha ngumbaru, yaani kisomo cha watu wazima, na huko ndiko alikowapata wazee wapiga ligombo.

Habari hii sidhani kama alikusimulia yote. Mzee mmoja alikuwa akija na ligombo lake kwapani, ule ubao mrefu uliochimbwa katikati mfano wa hori la ng'ombe, wenye uzi mmoja unaopitishwa huku na huku kwenye meno ya ubao mpaka unakuwa nyuzi kadhaa, na kibuyu cha kukuza sauti. Baba yako alimwomba apige somo linapokwisha. Kisha akamwomba maneno ya wimbo, akayaandika ubaoni kwa chaki, na watu wazima waliokuwa wakikwama kwenye kitabu cha kisomo wakayasoma maneno hayo bila kukwama, kwa sababu walikuwa nayo moyoni tangu utoto wao. Kilichobaki ni kuyafuata kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine. Miongoni mwao walikuwamo walioshuhudia fuvu la Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, likirudishwa hapa Kalenga mwaka 1954, na walipoimba habari za vita vya Lugalo vya 1891 dhidi ya Wajerumani, baba yako alisimama pembeni na daftari lake akiandika. Baadaye ndipo akaanza kuwaleta wanafunzi wa mchana wawasikilize. Kikundi cha ngoma unachokijua kilitokana na hapo, wala hakuna shilingi iliyokopwa.

Sitaki ufikiri kwamba kazi ile haikutugharimu. Ilikuwapo miezi sukari ilipokosekana humu ndani huku wapigaji wakinywa uji wetu, na mimi sikunyamaza. Hata hivyo mshahara wake aliupokea yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mpaka siku aliyostaafu.

Wewe Bodi ya Mikopo tayari inakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mkopo wa benki hupitia kwa mwajiri, na taratibu zinataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Mwenye kausha damu, mkopeshaji kama huyo wako anayeshika kadi, hana habari ya theluthi: siku ya mshahara anatangulia yeye kwenye mashine na kadi yako, nawe unabaki kumpigia simu kuuliza kama amekuachia nauli. Nimewaona walimu wazuri waliomaliza miaka katika hali hiyo, wakiingia darasani bila kufungua kinywa asubuhi. Umesoma kuliko mimi, na bado ilibidi niyasikie haya kwa shangazi yako; hilo limeniuma.

Tena hao wanafunzi wako wa huko Makete ni watoto wa Wakinga, kwa nini uanze na ngoma ya Kihehe? Mwombe mwalimu mkuu akupeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, muulize ni nani hapo anayejua kupiga na ni nani anayejua nyimbo, kisha uende kwao na sukari kidogo, ukae, usikilize, uandike. Ngoma zilizopo kijijini huazimwa. Ukiahidi kurudisha Ijumaa, rudisha Ijumaa. Mavazi yatoke kwenye kaniki na vitenge vya mama zao. Hao wazazi wakishaitoa nguo yao, watakuja pia kutazama. Watoto wakishindwa mwaka huu, watashiriki mwaka ujao. Kadi ikishatoka mkononi mwako, sijui utaipataje tena.

Nimekuwekea blanketi zito na sweta la baba yako la kijani, maana baridi ya Makete mwezi wa sita ina barafu asubuhi. Vitakuja kwa basi la Njombe pamoja na debe la maharage. Mdogo wako anadaiwa michango ya chakula shuleni, lakini hilo nitalimaliza nikiuza mahindi, usihangaike nalo. Bati mbili za jikoni zimetoboka. Madaftari ya baba yako siyatumi kwa basi. Njoo likizo uyanakili hapa mezani, nitakusaidia pale mwandiko wake unapofifia.

Nijibu jambo moja kabla ya mengine yote, hata kwa ujumbe mfupi wa simu: kadi iko wapi sasa hivi? Kama umekwisha kuitoa, nitajie kiasi ulichopokea, ili mimi na shangazi yako tuje na fedha hizo tuikomboe kadi.

Mama yako