Salamu za Krismasi kutoka Machame

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, Bwana Yesu asifiwe!

Tunawasalimu kutoka Machame, mlimani kwa Bibi. Mimi, mama watoto na watoto wetu watatu tumefika salama, na anayeijua barabara ya Dar kwenda Moshi mwezi wa Desemba anaelewa kwa nini tulimshukuru Mungu kwanza kabla hata ya kushusha mizigo. Mlio bado njiani, Bwana awafikishe. Na ninyi mlioshindwa kuja mwaka huu kwa ajili ya kazi, ugonjwa au msiba, poleni sana. Mnatajwa hapa kila jioni kwenye sala.

Salamu za mwaka huu nimependa zibebe maneno ya watoto. Habari ya Krismasi inasomwa katika migomba hii tangu wamisionari wa Leipzig walipofika mwaka 1893, na Bibi anaisema Luka sura ya pili bila kufungua Biblia. Sisi wakubwa tumeizoea. Msomaji akianza tu na amri ya Kaisari Augusto, tumeshafika mwisho kabla yake. Watoto hawana haraka hiyo. Wanaisikiliza kama jambo lililotokea jana kwa jirani, na wanauliza.

Juzi jioni Bibi alikuwa amefika pale Mariamu alipomvika mtoto nguo za kitoto, "akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe". Kitinda mimba wetu ana miaka minne na hori analijua vizuri, maana Bibi anafuga ng'ombe wa ndani na kila asubuhi wanakwenda wote kuwalisha. Akamkatiza: "Sasa ng'ombe alikula wapi?" Tukacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anasubiri jibu. Bibi akaweka Biblia magotini, akafikiri, akamwambia, "Nadhani siku ile alisubiri, mjukuu wangu."

"Alikubali?"

"Alikubali."

Asubuhi yake nilimkuta bandani amesimama mbele ya ng'ombe, anamwambia asante. Nikalitazama lile hori kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi: mbao zimelowa mate, vipande vya mgomba vya jana vimeanza kuchacha kwenye kona, nzi hawabanduki. Mahali kama hapo ndipo alipolazwa Mwokozi wetu. Nimeimba habari hiyo tangu utoto, lakini sikuwahi kuisikia harufu yake.

Kaka yake, wa miaka minane, alipewa kuwa Yusufu katika igizo la Shule ya Jumapili huko usharikani kwetu Dar, kabla hatujasafiri. Alirudi nyumbani amenuna. "Baba, Yusufu hana maneno!" Wachungaji wanasema, mamajusi wanasema, Herode ndiye anasema kuliko wote. Tukakaa na Biblia, tukapitia Mathayo na Luka mstari kwa mstari, na kweli, hakuna hata sentensi moja iliyotoka kinywani mwa Yusufu. Dada yake, aliyekuwa anasuka nywele pembeni, ndiye aliyemaliza shauri: "Hana muda wa kuongea. Kila akiamka, anafanya alichoambiwa."

Someni wenyewe Mathayo 1 na 2 muone alivyosema sawa. Anaota, anaamka, anamchukua Mariamu. Anaota tena, anaondoka usiku na mtoto na mama yake kwenda Misri. Nilimkumbuka marehemu mzee wetu. Hakuwa mtu wa kutuambia anatupenda. Alfajiri alishuka kwenda shamba la tambarare, akarudi giza limeshaingia, na muhula ulipofunguliwa ada ilikuwepo. Akina Yusufu wa namna hii wako wengi katika ukoo wetu, na wengine wenu mnasoma salamu hizi. Mungu awabariki.

Habari ya Misri nayo haikupita hivi hivi. Binti alifungua atlasi yake ya shule. "Kumbe Yesu alikimbilia Afrika! Nani aliwapokea?" Biblia haisemi. Nikamweleza kuhusu kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, iliyopo tangu mwaka 1996, na familia zilizokimbilia huko kutoka Kongo. Aliuliza kama watoto wa kule nao wana Krismasi. Tangu siku hiyo wamo kwenye sala yake, wanatangulia hata sisi wazazi.

Sala za mdogo ni fupi zaidi. Jana aliombea ugali, kisha akaongeza: "Na pilau ya Krismasi pia uibariki sasa hivi, ili siku hiyo tule moja kwa moja." Tukasema amina.

Luka anatuambia kwamba Yesu mwenyewe, akiwa na miaka kumi na miwili, alikutwa hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Kwa hiyo nina ombi kwenu. Siku hizi shule zimefungwa na wajukuu wako karibu na babu na bibi zao, nafasi ambayo wengi wetu hatuipati tena hadi Desemba ijayo. Wageni wakija, tusiwape watoto soda na kuwatuma wakacheze nje. Waketi nasi Neno linaposomwa, na wakiuliza, tuwajibu taratibu kama Bibi alivyojibu. Wazee wenye habari za kuwasimulia hawatakuwa nasi siku zote.

Mlioko huku mlimani, karibuni nyumbani kesho baada ya ibada. Mlioko mbali, pigeni simu jioni tuwasikie, na watoto wapewe simu nao waongee.

Tunawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.

Baba na mama watoto, pamoja na Bibi na wajukuu wake