Kabla ya kuuliza "Core ngapi?", keti uchape kwanza

Maswali ya kwanza dukani kwetu Kariakoo hayabadiliki: Core ngapi (yaani nguvu ya prosesa, ubongo wa mashine), RAM ngapi (kumbukumbu ya kufanyia kazi), chaji inakaa saa ngapi. Ni maswali ya haki, ila karibu yote yana dawa. SSD, ile diski ya kuhifadhia mafaili, ikiwa ndogo tunaweka kubwa, betri ikichoka tunabadilisha, na kwenye mashine nyingi RAM inaongezwa huku unasubiri. Kibodi iliyolegea ndani ya bodi (ganda la mashine) iliyopinda haina dawa nyepesi, na hiyo ndiyo utakayoigusa kila siku kuanzia saa mbili asubuhi.

Hapa tunazungumzia laptopu ndogo za ofisi zilizotumika, za inchi 12.5 hadi 13.3: ThinkPad za Lenovo za familia ya X, Latitude za Dell za 7000, EliteBook 820 na 830 za HP. Nyingi zilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kampuni za nje, mkataba wa kukodi ukaisha, zikauzwa kwa jumla. Zilitengenezwa vizuri. Lakini kati ya ofisi ile ya kwanza na kaunta yetu zimeshafunguliwa na mafundi wa kila aina, na hapo ndipo ubora unapopotelea.

Anza kwa kuketi. Wateja wengi hujaribu kibodi wamesimama, kwa kidole kimoja, batani tatu, basi. Omba kiti (kipo, hata kama tumepanga maboksi juu yake), fungua Notepad, uandike barua nzima kama unavyoandika kazini. Ukiandika Kiswahili, jicho liwe kwenye A. Ndiyo herufi tunayoipiga kuliko zote, na wanaochapa kwa vidole kumi huipiga kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kisicho na nguvu. A ikiwa nzito au inaruka haiwezi kujificha: "wanafanya kazi" itatoka "wanafnya kzi". Kisha andika ng'ombe, ng'ambo, ung'avu. Kwenye mpangilio wa Marekani au Uingereza alama ile ya juu iko jirani na Enter, unaigusa na kuendelea. Mashine iliyotoka Ujerumani itakudai ushike Shift kwanza, na Y na Z zake zimebadilishana nafasi; jaribu kuandika "ya wazazi" uone. Za Ufaransa zina AZERTY, ambapo A yenyewe imehamia mahali pa Q. Wateja wetu wanaotoka Lubumbashi na Bujumbura huzitafuta hizo hasa, kwa hiyo si mbovu, ila ujue unachokichukua.

Wapo wanaobandika stika au ngozi nyembamba juu ya vitufe ili mashine ya Kijerumani ionekane ya Kimarekani. Pitisha ukucha kwenye kona ya kitufe. Kama kibodi ina taa, iwashe: pale penye stika mwanga hautoki vizuri kwenye herufi. Tazama pia umbo la Enter. Ikiwa imesimama wima na kupinda, mpangilio wake wa asili si wa Marekani, hata herufi zilizoandikwa juu zikisema vingine.

Sasa hisia ya kidole. Chini ya kila kitufe kuna kikasi kidogo cha plastiki (vipande viwili vinavyopishana kama mkasi) na kofia ya mpira. Kikasi hukishusha kitufe bila kuyumba. Mpira ndio unaokataa kidogo mwanzoni halafu ukaachia, na huko kuachia ndiko kunakokuambia herufi imeingia. Usibonyeze katikati tu. Bonyeza kona ya kitufe, na kwa vitufe virefu bonyeza ncha zake. Spesi inayoshuka upande mmoja na kubaki juu upande wa pili ina waya uliochomoka chini yake, au iliwahi kung'olewa ikarudishwa kibabe.

Kuhusu kina cha kushuka, laptopu nyingi za ofisi za siku hizi ziko kati ya milimita 1.3 na 1.8, za zamani zilizidi hapo. Tusikuuzie namba. Kina kifupi chenye mpira mkakamavu kinachapika vizuri kuliko kirefu kilicholainika kama unga wa maandazi. Ufupi ukizidi ndipo balaa huanza. Kuanzia 2015 Apple iliweka kwenye MacBook zake kibodi yenye kina cha takriban nusu milimita, na vumbi kidogo likatosha kukwamisha herufi. Mwishoni mwa 2019 ikaanza kurudi kwenye kikasi, na 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja huko Marekani. Wateja wetu wa Dodoma hawahitaji maelezo zaidi kuhusu vumbi.

Kipimo muhimu zaidi kuliko kina ni nafasi: milimita 19 kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya jirani yake. Nyingi za inchi 12.5 zinaitimiza kwenye herufi, halafu zinabana vya pembeni, kama mishale na Delete. Mhasibu anayeishi kwenye Excel avijaribu hivyo kabla ya herufi.

Bonyeza sasa katikati ya kibodi, karibu na G na H, kwa nguvu ya kawaida tu. Eneo zima likibonyea pamoja, watu husema kibodi imekufa. Mara nyingi kibodi ni nzima, kilichokosekana ni skrubu. Geuza mashine uhesabu matundu matupu. Fundi aliyechanganya skrubu ndefu na fupi anaacha alama nyingine: kijiuvimbe chini ya kibodi, na kitufe kimoja kigumu kisichoeleweka sababu yake. Jaribio hili lifanye mashine ikiwa mapajani, maana kioo cha kaunta huishikilia kwa chini na kuficha ulegevu.

Kisha ishike kwa kona moja ya mbele, uinyanyue ikiwa imefunguliwa. Mlio wa kukwaruzana unamaanisha klipu zimekatika au skrubu hazipo. Bawaba zisilegee: ukitikisa mashine kidogo, kioo kibaki pale ulipokiacha. Bawaba ngumu inayohitaji mikono miwili haina neno. Inayoanguka yenyewe ndiyo ya kuikimbia. Skrubu zenye kutu, hasa mashine zilizokaa Zanzibar au Tanga, zitatusumbua siku ya kuifungua, nasi tutakwambia hivyo kabla hujalipa. Kwenye joto na unyevu wa pwani hata ile rangi laini yenye mguso wa mpira hubadilika ikawa ya kunata. Inasafishika kwa shida, na haipendezi tena.

Tafadhali, hili moja lisikupite. Spesi ikiwa imeinuka, tachipedi ikigoma kubonyea, au mashine ikiyumba juu ya meza iliyonyooka, usiifikirie kibodi. Fikiria betri iliyovimba. Laptopu nyingi hizi zina betri chini ya sehemu ya kuegemeza viganja, na ikivimba inasukuma kila kitu juu. Usiikandamize irudi. Zima, chomoa chaji, tuletee. Mashine ya namna hiyo usiinunue kwa punguzo lolote, kwa sababu betri ya lithiamu iliyovimba ikitobolewa inaweza kuwaka moto.

Wengi huuliza: chuma au plastiki? EliteBook 830 G5 ya 2018 ni alumini, imekakamaa mkononi, lakini ikigongwa bonde linabaki. Plastiki nzuri hunesa ikarudi. Ile nembo ya MIL-STD-810 kwenye tangazo inamaanisha mtengenezaji alipitisha mashine kwenye majaribio aliyoyachagua kutoka kiwango cha jeshi la Marekani. Haimaanishi uiangushe ngazini.

Ukituuliza sisi tunachokipenda, ThinkPad X220 ya 2011 ndiyo ya mwisho kwenye mstari wake kuwa na kibodi ya zamani ya safu saba, na kuna mafundi hapa hawataki kuiachia, ingawa prosesa yake imezeeka. X230 ya 2012 ilileta safu sita na vitufe vilivyotengana. Watu walilalamika, wakazoea. X240 ya 2013 iliondoa batani tatu zilizokuwa juu ya tachipedi kwa ajili ya kile kinundu chekundu cha katikati ya kibodi, kinachosogeza kishale kwenye kioo. Hatuishauri kwa anayekitumia. X250 ya 2015 ilizirudisha. Na kama kwenye ThinkPad unagusa Fn kila ukitafuta Ctrl, hiyo inabadilishwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa mashine ikiwaka), tunakufanyia bure.

Kuhusu kubadilisha kibodi, gharama inategemea jinsi ilivyofungwa. Baadhi hutoka kwa skrubu chache. Nyingine zimegandishwa kwenye kava la juu, inabidi tutoe hadi madabodi (bodi kuu ya umeme ndani). Herufi moja ikigoma, mara nyingi ni uchafu au kikasi kimevunjika, na tunaweza kuitengeneza yenyewe. Herufi za kundi moja zikifa pamoja, kimiminika kimekata njia za umeme ndani, hapo ni kibodi mpya. Kinga ya maji ya mashine hizi ni ya kumwagikiwa kidogo, na chai yenye sukari inaganda hata maji yakishapita. Ikimwagikiwa, zima papo hapo, chomoa chaji, ipindue kibodi ikitazama chini, na usiizike kwenye mchele. Tuletee siku hiyohiyo pamoja na chaja yake, na kama una nakala ya mafaili yako mahali pengine, tuambie ukifika kaunta.