Mwenye njaa ana miiko: barua kuhusu filamu ya Kaburi la Vimulimuli

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji ili niipinge methali moja ambayo nimeifundisha darasani kwa miaka mingi bila kuihoji. Methali hiyo inasema kwamba mwenye njaa hana miiko. Nilianza kuitilia shaka likizo iliyopita, nilipoketi sebuleni pamoja na watoto wangu na shemeji yangu tukatazama filamu ya katuni kutoka Japani iitwayo Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli. Kijana wa filamu hiyo alipoanza kuiba mazao katika mashamba ya watu, shemeji alitikisa kichwa akaitamka methali hiyo kana kwamba imemaliza mjadala. Kwangu mimi ndipo mjadala ulipoanzia, na tangu siku hiyo haujaniacha.

Filamu hiyo ilitengenezwa na studio ya Ghibli chini ya uongozaji wa Isao Takahata, ikatolewa mwaka 1988, na chanzo chake ni hadithi fupi ya Akiyuki Nosaka iliyochapishwa mwaka 1967. Inasimulia habari za Seita, mvulana wa miaka 14, na dada yake Setsuko wa miaka minne, katika mji wa Kobe mwaka 1945. Ndege za Marekani zinaumwagia mji mabomu ya moto, mama yao anafariki kwa majeraha ya kuungua, na baba yao, ofisa wa jeshi la majini, yuko baharini na barua anazoandikiwa hazijibiwi. Watoto wanakimbilia kwa jamaa wanayemwita shangazi. Mtazamaji hafichwi mwisho: picha za kwanza kabisa zinamwonyesha Seita akikata roho kwa njaa katika kituo cha reli cha Sannomiya, tarehe 21 Septemba, vita vikiwa vimekwisha zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Umati unampita kwa kinyaa. Kwa kuwa tunajua tangu mwanzo kwamba watoto hawa hawataokoka, hatuna haja ya kukisia hatima yao; kazi inayobaki kwetu ni kumtazama kila mtu mzima anayekutana nao, na kupima alichokuwa nacho dhidi ya alichotoa.

Tuanze na shangazi, maana ndiye aliyegawanya sebule yetu. Siku ya kwanza hakuwa katili hata kidogo. Seita alifika na mkokoteni wa vyakula ambavyo familia yake ilikuwa imevifukia ardhini kwa tahadhari, naye shangazi akavipokea kwa furaha. Baadaye akashauri kwamba kimono za marehemu mama yao zibadilishwe kwa mchele, Setsuko akalia zilipochukuliwa, na mtungi ukajaa mchele mweupe. Kisha, hatua kwa hatua, wali ukawa wa binti yake na mpangaji wake, kwa sababu hao walikuwa wakifanya kazi kwa ajili ya taifa, na watoto wakabakiwa na maji ya uji yenye punje chache. Walipodai kwamba mchele ule ulikuwa wa mama yao, walionekana wakosefu wa shukrani, wakaambiwa wajipikie wenyewe.

Shemeji alimtetea kwa methali nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nakiri kwamba utetezi huo una uzito. Seita hafanyi kazi. Shule yake na kiwanda alikopangiwa vimeteketea, naye hatafuti kingine, anashinda amelala au akicheza na dada yake. Lakini wahenga walisema mgeni apewe jembe, hawakusema anyimwe sahani, na tena jembe hilo hakabidhiwi mtoto wa miaka minne. Shangazi hakuwa na njaa ya kumwua. Alikuwa na hofu ya njaa, na hofu hiyo ilimpa lugha ya uzalendo na ya bidii, lugha safi kabisa, ambayo kwayo aliweza kuupunguza uji wa yatima bila kujiona mwizi. Huyo ndiye aliyepoteza miiko, na aliipoteza akiwa ameshiba kiasi.

Sisemi kwamba Seita hana kosa. Takahata mwenyewe alikataa kazi yake iitwe filamu ya kupinga vita tu. Alisisitiza kwamba alionyesha maisha ya ndugu wawili waliojitenga na jamii yakishindikana. Seita ana kiburi cha mwana wa ofisa. Anamchukua dada yake wakahamie katika handaki lililotelekezwa kando ya bwawa, ambako usiku wanaangaziwa na vimulimuli na asubuhi Setsuko anawachimbia wadudu hao kaburi. Mkulima mmoja anamwonya waziwazi kwamba chakula chote sasa ni cha mgawo, kwamba hawezi kuishi nje ya ujirani, na kwamba heri arudi akamwombe radhi shangazi. Harudi. Watoto wangu walimlaumu kwa hilo kwa hasira kubwa, nami niliwaelewa, ila mvulana wa miaka 14 aliyetoka kuuona mwili wa mama yake umefungwa bendeji hadi usoni hapaswi kudaiwa busara ambayo mama mzima mwenye jiko na mtungi wa mchele hakuwa nayo.

Kisha wizi. Seita anaanza mashambani, halafu anagundua kwamba king'ora kikilia watu hukimbilia mahandaki na nyumba hubaki wazi. Basi anaingia humo mabomu yakianguka. Kuna picha fupi ambayo sijaweza kuisahau: kijana huyu, akiwa amebeba nguo za kuiba, anarukaruka na kuzishangilia ndege. Ni ndege zilezile zilizomteketeza mama yake, na sasa ndizo zinazomfungulia milango ya riziki. Kama methali ile ina ukweli wowote, ukweli wake uko katika picha hiyo, na naipongeza filamu kwa kutoiogopa. Hata hivyo tazama mzigo ule unakwenda wapi. Unakwenda kubadilishwa kwa chakula cha Setsuko. Miiko yote imemwanguka Seita mmoja baada ya mwingine, ule wa mali ya jirani, ule wa heshima, ule wa kutofurahia msiba, lakini mmoja ameung'ang'ania mpaka mwisho, nao ni wa kutomlia dada yake tonge.

Na hapa ndipo ninapoomba msomaji anisikilize kwa makini, maana hoja yangu yote imesimama juu ya mtu halisi. Nosaka, mwandishi wa hadithi hii, mwaka 1945 alikuwa na miaka 14 kama Seita. Naye alipoteza makao katika moto wa Kobe, naye alibaki na dada mdogo wa kulea, mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na mtoto huyo alikufa kwa utapiamlo huko Fukui mwezi Agosti mwaka huohuo. Baadaye Nosaka alikiri kwamba hakuwa mwema kama Seita. Chakula kilipopatikana, yeye alitangulia kula, na kilichopaswa kuwa cha mtoto kiliishia kinywani mwake. Miaka 22 baada ya hapo aliketi akaandika hadithi ambamo kaka anafanya yale ambayo yeye hakuyafanya, kisha akamwua kaka huyo, kana kwamba ndiyo adhabu iliyomstahili yeye mwenyewe. Sasa naomba kuuliza: ikiwa mwenye njaa hana miiko, majuto haya yalitoka wapi? Asiye na mwiko hana cha kujutia. Nosaka aliuvunja mwiko akiwa na njaa kali, na mwiko ule, ingawa umevunjwa, ulimfuata akiwa ameshiba, akiwa mashuhuri, hadi uzeeni.

Wala Japani ya miaka hiyo haikukosa watu waliokwenda upande wa pili kabisa. Mwaka 1947 hakimu wa Tokyo aliyeitwa Yoshitada Yamaguchi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahukumu watu walionunua chakula kwa magendo, alikataa kula chochote nje ya mgawo wa serikali, akaacha sehemu kubwa ya mgawo wake iliwe na watoto wake, akafa kwa njaa akiwa na miaka 33. Simtaji ili kumshusha Seita. Namtaja kwa sababu methali haina pa kumweka.

Hao wengine katika filamu, walioshiba au walioelekea kushiba, wanapita upesi, na kupita kwao upesi ndiyo hukumu yao. Daktari anamkagua Setsuko aliyejaa upele na kuharisha, anasema anachohitaji ni lishe, halafu anaita mgonjwa mwingine, huku Seita akimlilia kwamba lishe hiyo ataitoa wapi. Mkulima anamkamata Seita na kumpiga mbele ya dada yake aliye mgonjwa, kisha anamburuta hadi polisi. Askari anamgeuzia kibao mkulima kwamba kumpiga mtoto namna ile ni kosa, anamwachia Seita, na kumwambia anywe maji. Maji tu. Nimeitazama filamu mara tatu sasa, na kila mara naona kwamba bilauri ile ya maji ni miongoni mwa vitu vichache sana ambavyo watu wazima wanampa kijana huyu bila kudai chochote.

Wapo watakaoniuliza kwa nini mtu wa umri wangu anaandika kwa uzito namna hii kuhusu katuni. Jibu ni kwamba mambo haya yasingeonyeshwa kwa njia nyingine. Huwezi kumchukua mtoto wa miaka minne ukamkondesha mbele ya kamera. Lakini wachoraji waliweza kumkondesha Setsuko picha kwa picha, huku sauti yake ikitoka kwa mtoto mdogo kweli, ambayo ilirekodiwa kwanza ndipo michoro ikaifuata. Hata mistari inayozunguka miili ya watu imechorwa kwa rangi ya kahawia badala ya nyeusi iliyozoeleka, na ulaini huo ndio unaotuwezesha kuvumilia kutazama. Setsuko anapolamba gololi akidhani ni peremende, au anapomkaribisha kaka yake vibonge vya udongo akiviita wali, mchoro unatulia muda mrefu bila muziki wa kutubembeleza. Mtazamaji wa filamu ya waigizaji angejificha nyuma ya wazo kwamba ni uigizaji tu, lakini mbele ya mchoro huu kimbilio hilo sikulipata, na sababu yake bado naitafuta.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwanza, vituo vya televisheni na wazazi waache kudhani kwamba kila kilichochorwa kinaweza kuachiwa watoto peke yao sebuleni alasiri huku wakubwa wakiendelea na shughuli zao. Filamu hii inastahili kutazamwa na mtoto aliyekua kiasi, akiwa na mtu mzima wa kujibu maswali kando yake. Pili, gazeti lako, ambalo huchapisha uhakiki wa riwaya na ushairi, liwafungulie walimu wa fasihi nafasi ya kuhakiki filamu za namna hii kwa uzito uleule. Mada ya kwanza iwe shangazi: ana hatia au hana?

Katika mdahalo huo mimi sitaweza kuwa hakimu, na ni haki wasomaji wajue sababu. Mwezi Agosti vita vilipokwisha, Seita alitoa benki fedha za mama yake, lakini fedha hazikuwahi kumfikia dada yake kwa wakati zikiwa chakula. Sisi wa Ukambani tuna jina la hali hiyo. Njaa ya miaka ya 1980 tuliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika fedha mkononi, kwa sababu wenye noti walikuwapo na mahindi hayakuwapo. Nilikuwa mvulana wa shule ya msingi. Mimi na ndugu yangu mdogo tulipelekwa kwa jamaa wa upande wa baba, ambaye nasi tulimwita shangazi, na kwa majuma kadhaa tulilala kwa uji mwepesi. Usiku mmoja niliamka nikasikia mwiko ukisonga sufuria jikoni na harufu ya ugali ikija chini ya mlango. Alisubiri tulale ndipo awapikie wanawe. Sikumwamsha ndugu yangu, kwa maana nilijua angelia, na kwamba angelia bure.

Shangazi huyo aliishi hadi uzeeni, akawa mama mkarimu aliyejulikana kijiji kizima, na sikumbuki kutoka nyumbani kwake mikono mitupu hata mara moja baada ya njaa ile kupita. Nilihudhuria mazishi yake, nikatia udongo kaburini kama wengine. Sikuwahi kumwambia kwamba usiku ule nilikuwa macho.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu wa Kiswahili,
Kaunti ya Machakos.